Ujue Ufuo Kabla Hujalipa: Somo la Likizo ya Pwani

Shule zinakaribia kufungwa, na kama kila mwaka, maswali yenu yamebadilika. Juzi mlikuwa mnauliza kuhusu karo na mikopo. Sasa mnauliza hivi: "Nimepata nyumba Diani, mwenyewe anataka nusu leo. Nitume?"

Kabla ya kujibu, acha nikusimulie kisa cha nyumbani kwetu.

Desemba moja, dada yangu mkubwa aliamua kwamba watoto wake watatu lazima waone bahari. Aliweka akiba mwaka mzima, mia mbili leo, mia tatu kesho. Kwenye Facebook akaona nyumba ya vyumba vitatu, ina jiko na ua wenye minazi, "Diani, dakika tano kutoka feri ya Likoni". Picha zilikuwa tamu. Akapiga simu, akazungumza na mama mwenye sauti ya upole aliyemwita "mwanangu". Mama akamwambia kuna familia nyingine inaitaka nyumba, kwa hivyo atume dipoziti ya shilingi 18,000 kabla ya saa kumi na mbili jioni. Dada alipoweka nambari, jina lililotokea kwenye skrini lilikuwa la mwanamume. Akapiga tena kuuliza. "Huyo ni kijana wangu wa ofisi," mama akajibu. Dada akaweka PIN.

Wiki mbili baadaye walishuka Diani na mabegi yao. Ramani waliyotumiwa iliwafikisha kwenye geti lilelile la kwenye picha. Askari aliwatazama, akawatazama watoto, kisha akasema polepole: "Dada, hapa hapakodishwi. Na nyinyi ni wa tatu wiki hii."

Ile nambari ya simu ilikuwa imezimwa.

Kwa muda mrefu tulililaumu lile jina kwenye skrini, na kweli lilikuwa onyo. Lakini tangazo lenyewe lilikuwa na kosa ambalo mtu yeyote wa Mombasa angeliona bila kuvaa miwani. Diani haiko dakika tano kutoka feri. Kutoka Likoni hadi Ukunda ni zaidi ya kilomita 20, na hapo bado hujakata kona ya kwenda baharini. Tapeli hakuijua Diani, nasi pia hatukuijua. Ndiyo maana akapita.

Kwa hivyo leo hatutaanza na PIN. Tutaanza na bahari yenyewe. Mtu anayejua ufuo anaokwenda huuliza maswali ambayo tapeli hawezi kuyajibu.

Mwisho wa somo hili utaweza:

- kuchagua ufuo unaoifaa familia yako na mfuko wako;
- kumpima mwenye nyumba kabla ya kutuma dipoziti;
- kulipia mashua, tikiti na vitu vidogo vidogo bila kupoteza pesa;
- kuchukua hatua haraka pesa ikienda pabaya.

SEHEMU YA 1: Ijue bahari kwanza

Wengi wetu kutoka bara tunadhani bahari hukaa mahali pamoja kama ziwa. La hasha. Kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo.

Hili lina maana gani kwa likizo yako? Siku za bamvua, Mombasa na jirani zake maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa kwenye saa kumi alasiri. Ukitoka chumbani saa nne na taulo begani, utakuta mchanga mtupu na majani ya baharini, na maji yako kule mbali mwambani. Hujaibiwa bahari. Ni saa ya kutembea na kutazama samaki wadogo kwenye vidimbwi. Kuogelea ni alasiri. Jedwali la maji kujaa na kupwa linapatikana kwenye intaneti, na mvuvi yeyote atakuambia bila hata kutazama karatasi.

Jambo la pili ni upepo. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Desemba hadi Machi. Jua huwa kali, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Kusi huvuma katikati ya mwaka, nayo bahari huchafuka, hasa nje ya mwamba. Masika hunyesha Aprili na Mei. Ukienda likizo ya Aprili, bei za vyumba huwa nafuu kuliko Krismasi, lakini panga ukijua kuna siku mashua hazitatoka.

Sasa tupite ufuo mmoja mmoja, kutoka kusini hadi kaskazini.

Shimoni na Wasini. Huku ni kusini kabisa, karibu na mpaka wa Tanzania. Watu hawaji hapa kwa mchanga, wanakuja kwa mashua. Kutoka Shimoni unavuka hadi kisiwa cha Wasini, na ng'ambo yake ipo Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, penye matumbawe, samaki wa kila rangi na pomboo. Wasini kuna njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe na mikoko, inayosimamiwa na akina mama wa kisiwa. Panafaa vijana na wazazi wenye watoto wakubwa. Safari huchukua karibu siku nzima, kwa hivyo anza asubuhi mapema.

Diani. Mchanga mweupe, laini kama unga, na mwamba unaovunja mawimbi mbali ili ndani maji yatulie. Ni ufuo unaotangazwa sana nchini, na kwa hivyo hutumiwa pia na matapeli. Ukitoka mjini Mombasa kwa miguu, feri ya Likoni ni bure. Ng'ambo unapanda matatu hadi Ukunda, kisha tuktuk au boda hadi baharini. Ukiwa na gari, siku hizi unaweza kuikwepa feri kwa kupitia barabara ya Dongo Kundu. Miti ya Diani ina mbega weusi na weupe, na pia tumbili wasio na haya ambao watachukua ndizi yako mezani ukiwa umekaa hapo hapo. Upande wa kaskazini, mto Mwachema unapoingia baharini, upo Msikiti wa Kongo katikati ya mibuyu, wa zamani mno na bado unasaliwa. Ukitembelea, vaa nguo za heshima.

Tiwi. Ng'ambo ya Mwachema, jirani wa Diani aliye mkimya. Maji yakipwa, mwambani hubaki vidimbwi vya asili ambavyo watoto hupenda kuoga. Maduka ni machache, kwa hivyo nunua chakula kabla ya kushuka, na panga mapema jinsi ya kurudi jioni.

Bamburi. Kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, baada ya daraja la Nyali. Hapa pana ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao kila mtu anauita Pirates. Hakuna cha kulipa kuingia. Utakuta ngamia, maboya ya kukodi, viazi karai, mabuyu, madafu, na Desemba utakuta pia nusu ya Kenya. Kwa familia yenye bajeti ndogo, inayolala mjini na kwenda baharini mchana, hapa ndipo mahali pa kuanzia. Onyo ni moja: watu wakiwa wengi, shika mtoto mkono na simu mfukoni.

Kilifi. Karibu kilomita 60 kutoka Mombasa, ukishavuka daraja la juu ya ghuba. Ufuo wa Bofa ni mrefu, mpana maji yakipwa, na hauna msongamano. Panafaa watu waliochoka na kelele. Mji uko karibu, soko liko karibu, unaweza kununua samaki na kupika mwenyewe.

Watamu. Zaidi ya kilomita 100 kutoka Mombasa. Unaacha barabara ya Malindi pale Gede, ambapo pana magofu ya mji wa kale ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilianzishwa 1968 na ni miongoni mwa za kwanza Afrika. Ghuba ya Watamu ina visiwa vidogo vya mawe, na bamvua ikipwa unaweza kutembea mchangani hadi karibu navyo. Kasa hutaga mayai katika fuo hizi, kwa hivyo usiku usimulike ovyo wala kuwasha moto mchangani. Watu huuliza, mbona nisiende Malindi moja kwa moja? Malindi ni mji mzuri wenye historia, lakini mto Sabaki humwaga maji yake kaskazini tu mwa mji, na msimu wa mvua bahari hupata rangi ya udongo. Watamu maji hubaki maangavu zaidi.

Shela, Lamu. Mji wa kale wa Lamu uko katika Urithi wa Dunia tangu 2001. Ukitoka mjini, unatembea kama dakika arobaini au unapanda mashua hadi Shela, na hapo mchanga unaanza na kuendelea kwa kilomita kadhaa na milima yake ya mchanga nyuma. Karibu na kijiji maji yamekingwa na kisiwa cha Manda. Ukizidi kwenda mbele, bahari iko wazi, ina mawimbi na mikondo yenye nguvu, kwa hivyo usiwaache watoto waoge huko peke yao. Wanaokwenda kwa basi huishia Mokowe na kuvuka kwa mashua. Wanaokwenda kwa ndege hushukia Manda, nao pia huvuka. Hakuna anayefika mlangoni kwa gari, na mwenye nyumba wa kweli atakuambia hilo kabla hujamuuliza.

Na jambo moja linalohusu fuo zote: Katiba ya 2010, katika ibara ya 62, inahesabu ardhi yote iliyo kati ya mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa kuwa ya umma. Mtu akikudai ada ya kutembea kwenye mchanga huo, mbele ya hoteli au popote, usitume kitu. Ada halali ni za hifadhi za bahari na za huduma uliyoiomba mwenyewe, kama maegesho au kiti cha hoteli. Pia kumbuka kwamba tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika fuo na mbuga, kwa hivyo beba chupa ya maji ya kudumu.

SEHEMU YA 2: Maswali sita kabla ya dipoziti

Sasa umechagua ufuo. Umeona nyumba. Mwenyewe anataka pesa. Kuitisha dipoziti si kosa. Wenye nyumba nao huumia wageni wakikosa kufika. Kazi yako ni kujua ni nani anayeipokea. Uliza haya, kwa utaratibu huu:

1. "Nikishuka kituoni, nafikaje kwako?" Mwenyeji atakutajia steji, kona, msikiti, duka la kibandani. Tapeli atasema, "Usijali, nitakutumia ramani." Kisha linganisha jibu lake na ulichosoma hapo juu.

2. "Siku tutakayofika, maji yanapwa saa ngapi?" Mtu wa ufuoni anajua, au atajua baada ya dakika moja.

3. "Naomba tuzungumze kwa video ukiwa ndani ya nyumba." Mwambie afungue bomba la jikoni, au akuonyeshe bahari kutoka mlangoni. Picha huibwa kwenye mtandao kila siku, video ya papo hapo si rahisi kuibwa. Kama yuko mbali, mtunzaji wa nyumba yupo.

4. "Nalipa kwa Till au Paybill gani, na litatokea jina gani?" Muulize jina kabla ya kuweka nambari, kisha ulinganishe na litakalotokea. Yakitofautiana, hapo ndipo mahali pa kusimama, hata upewe maelezo matamu vipi. Lakini usidanganyike kwamba Till pekee ni dhamana. Till inaonyesha biashara imesajiliwa, haionyeshi kwamba nyumba ipo. Ndiyo sababu maswali matatu ya kwanza yanatangulia.

5. "Niandikie tulichokubaliana." Meseji moja inatosha: tarehe, idadi ya watu, bei yote, dipoziti, na kama safari ikivunjika kitarudi kiasi gani. Usiifute hadi urudi nyumbani.

6. "Naweza kulipa kidogo sasa, na iliyobaki nikiiona nyumba?" Dipoziti ni ahadi tu, haifai kuwa bei yote. Anayetaka zote mapema, tena leo, tena kwa nambari ya mtu mwingine, mwache apite. Nyumba ni nyingi.

Utaona sijataja bei rahisi. Wakenya tunasema rahisi ni ghali, na ni kweli kwamba nyumba ya vyumba vitatu ufuoni Desemba kwa bei ya chumba kimoja mjini inafaa kukutia wasiwasi. Lakini matapeli wengine wamejifunza kuweka bei ya kawaida. Chombo chao kikuu ni haraka. "Kuna mtu mwingine," "nafunga ofisi saa hii," "mtandao wa Till umepotea, tuma kwa hii." Ukisikia haraka, weka simu chini unywe chai. Nyumba ya kweli ikikupita, umekosa nyumba moja. Pesa ikienda kwa tapeli, umekosa nyumba na pesa.

SEHEMU YA 3: Kulipa ukiwa safarini

Nauli. Nunua tikiti ya treni mwenyewe, kwenye tovuti rasmi au kwa *639#. Mwanzoni mwa 2024 nauli ya Nairobi hadi Mombasa ilipanda hadi shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza, na watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kwa hesabu hiyo, baba, mama na watoto wawili wa umri huo watatumia 4,500 kwenda na 4,500 kurudi katika daraja la kawaida. Hakikisha bei ya siku unayosafiri kabla ya kupanga. Weka 9,000 hizo kando mwanzoni kabisa, ya kurudi ikiwemo. Wengi hukumbuka nauli ya kurudi siku ya mwisho, na hapo ndipo mkopo wa simu wenye ada ya kila siku huingia.

Hifadhi za bahari. Kisite, Watamu, Malindi na hifadhi nyingine za bahari zina ada ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Hulipwa kupitia eCitizen, wala si pesa taslimu mkononi mwa mtu. Ada hutofautiana kwa raia, mkaazi na mgeni wa nje, kwa hivyo utaulizwa kitambulisho. Nambari ya Paybill ya serikali ni 222222. Mtu wa mashua akisema ada ya hifadhi imo ndani ya bei yake, ni sawa, lakini aonyeshe risiti yenye idadi yenu kabla ya kung'oa nanga.

Mashua. Kubaliana na nahodha mkiwa nchi kavu. Salamu kwanza, bei baadaye. "Shikamoo, mzee" hufungua milango mingi Pwani. Kisha uliza: bei ni ya mashua nzima au ya kila kichwa? Ni saa ngapi? Miwani ya kuzamia imo? Chakula kimo? Jaketi za kuokolea ni ngapi? Lipa nusu kabla, nusu mkirudi. Malipo ya kwanza yafanye kabla ya kupanda, kwa sababu baharini mtandao hupotea na mkono huwa na maji ya chumvi.

Vitu vidogo. Dafu, tuktuk, kiko cha mabuyu: siku hizi karibu kila mmoja ana Till au nambari ya simu. Kulipa kwa Till kwa kawaida hakumkati mteja ada, kutuma kwa nambari ya simu kunaweza kukata. Ukifanya malipo kumi kwa siku, tofauti hiyo ni dafu moja. Beba pia pesa taslimu kidogo, sarafu na noti ndogo, kwa siku betri itakapokuisha.

Simu yenyewe. Jua kali hufanya skrini isionekane vizuri, na hapo mtu mwema atajitolea: "Lete nikusaidie kuweka." Asante, hapana. Sogea kivulini, soma jina, soma kiasi, kisha weka PIN mwenyewe. Weka laini yako nambari ya siri ya SIM ili simu ikianguka mikononi mwa mtu, asiweze kuihamisha kwenye simu nyingine. Na kabla ya kuondoka nyumbani, andika nambari ya huduma kwa wateja kwenye karatasi. Ikiwa imehifadhiwa ndani ya simu iliyozama, haitakusaidia.

SEHEMU YA 4: Pesa ikienda pabaya

Umetuma kwa nambari isiyo sahihi? Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, ukiwa na ule ujumbe wa muamala. Dakika zina thamani. Pesa ikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji inaweza kuzuiwa, akishaitoa kwa wakala, kazi inakuwa ngumu sana. Usimpigie mpokeaji kwanza kumbembeleza, unampa nafasi ya kuitoa.

Umetapeliwa? Ripoti kwetu, kisha nenda kituo cha polisi, upewe nambari ya OB. Peleka ujumbe wa muamala, mazungumzo yote na picha za tangazo. Usifute chochote kwa hasira. Na jihadhari na tapeli wa pili: yule anayekuja siku mbili baadaye akisema anaweza kukurudishia pesa ukimlipa ada ndogo. Hakuna huduma ya namna hiyo.

Umepokea meseji kwamba mtu amekutumia pesa kimakosa? Angalia salio lako kwenye menyu, usiamini meseji. Kama kweli imeingia, mwambie aombe irudishwe kupitia huduma kwa wateja. Usimtumie mwenyewe.

ZOEZI

Soma ujumbe huu, kisha utafute makosa matano kabla ya kutazama majibu.

*"Habari mpendwa. Nyumba yetu ya Watamu ipo, mita 100 kutoka baharini na karibu kabisa na stesheni ya SGR. Watoto wataogelea saa yoyote, maji hayapungui. Tiketi za hifadhi ya bahari tumeshawalipia wote. Tuma 10,000 kwa nambari ya mhasibu wetu kabla ya saa sita usiku, baada ya hapo nampa mwingine. Usitume kwa Till, mtandao wake uko chini."*

Majibu: (1) Stesheni ya SGR ya Mombasa iko Miritini, na Watamu iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Mombasa. (2) Maji hupungua kila siku, mara mbili. (3) Tikiti za hifadhi zinalipwaje kabla hujaulizwa kama wewe ni raia au mgeni, na mko wangapi? (4) Haraka: saa sita usiku. (5) Till imeachwa, pesa inaelekezwa kwa mtu binafsi. Ukipata mawili tu kati ya haya, tayari unajua la kufanya.

Na dada yangu je?

Siku ile ya getini, yule askari aliwaitia tuktuk, wakapata chumba kimoja Ukunda, wakalala watano. Asubuhi wakashuka baharini kwa njia ya umma. Watoto hadi leo husimulia tumbili aliyeiba mkate. Mama yao husimulia geti.

Mwaka uliofuata alitaka kujaribu tena, Watamu. Safari hii alimpigia mwenye nyumba nami nikiwa kando, nikisikiza. Hakuanza na bei.

"Mama, Jumamosi tukifika, maji yanapwa saa ngapi?"

Yule mama alicheka. "Jumamosi hiyo ni bamvua, mwanangu. Asubuhi watoto wataenda kwa miguu hadi kule kwenye visiwa. Kuoga ngojeni alasiri. Na waambie wavae viatu, mwambani kuna miiba."

Kisha akampa Till, akamtajia jina litakalotokea. Likatokea hilo hilo. Dada alilisoma mara mbili, kwa sauti, kabla ya kuweka PIN.